Maji Yaliyofika Kabla Hayajaondoka

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkanitaka niseme maneno mawili kwa vijana wanaoanza kazi ya kupima mito. Nikasema asanteni, nikaketi. Mkadhani nimezidiwa na furaha. Ukweli ni kwamba nilipoiona ile saa nilikumbuka jambo lisilosemeka mbele ya watu walioshika soda. Sasa nimestaafu, niko Iyula na mke wangu na mibuni yake, nina meza na nina wino. Nitaandika. Vyeo vyangu sitavitaja, maana vilikuwa vichache, na vingine vilikuwa jina jipya la kazi ileile.

Nilianza miaka michache baada ya Vita vya Pili. Idara ilitafuta mtu anayejua kusoma, kuandika na kuogelea. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, na kuogelea niliwaambia najua. Hawakuuliza kama naweza kukaa peke yangu, na hilo ndilo wangeliuliza kwanza. Mzungu aliyeongoza upimaji tulimwita Bwana Matope, kwa sababu hakuna siku aliyorudi kambini soksi zake zikiwa na rangi ya soksi. Alijua Kiswahili cha amri na namba, kikamtosha. Siku ya kwanza alinipeleka ukingoni mwa Songwe, chini ya vilima vya Undali, akanionyesha ubao mrefu mweupe uliosimikwa majini, wenye futi zilizoandikwa kwa rangi nyeusi, na kila futi imegawanywa sehemu kumi.

"Huu mke wako," akaniambia. "Kila siku unamtazama. Asubuhi na jioni."

Nilikuwa na mke tayari, Neema, nimemwacha Iyula na shamba. Nikacheka kwa adabu.

Wengi wenu mtaniuliza Songwe ipi. Na nyinyi mna haki, kwa maana Mungu alitupa mito miwili yenye jina hilo, mmoja unaokwenda Rukwa na mmoja unaokwenda Ziwa Nyasa. Wangu ni huu wa mpakani, wa Nyasa. Makao makuu walinitumia ubao mpya mwaka wangu wa pili, ukaenda kwenye Songwe ile nyingine, ukapokewa kwa sahihi na mtu ambaye hakuuhitaji. Mimi nikaendelea na wa zamani, ambao kiboko alikuwa ameuegemea ukainama. Kila asubuhi nilisoma namba nikatoa kidogo kwa ajili ya kiboko.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Saidi, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye maneno mengi. Alikaa nami majuma mawili. Alinifundisha kuchuchumaa hadi jicho liwe sawa na maji, kwa sababu ukisoma umesimama unajidanganya. Alinifundisha kuacha mawimbi matatu yapite kabla ya kusoma. Alinifundisha kuandika palepale ukingoni na si nyumbani, akisema daftari lisilo na tone la tope limeandikiwa kitandani. Alinifundisha pia ile mashine ya mwendo wa maji, yenye mapanga yanayozunguka na kengele inayolia kila mizunguko kadhaa, ambayo huteremshwa kwa waya ukiwa umekaa katika kisanduku kinachoning'inia juu ya mto. Mara ya kwanza nilipoketi humo nilihesabu kengele kumi na nne, kisha nikagundua nimefumba macho.

"Sasa nani alikuwa akitazama saa?" Saidi akauliza kutoka ukingoni.

Basi tukarudia.

Aliponiachia kituo, Saidi alinipa saa ya mfukoni ya Idara na kunionyesha fomu. Fomu ilikuwa na sehemu mbili za muda, mchana na usiku, na chini yake nafasi ya kuandika saa. "Utasoma saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni," akasema. Nikaandika tatu, nikaandika kumi na moja. Saa yenyewe mshale wake ulikuwa kwenye tisa, nami nikausoma tatu, kama tunavyousoma sote tangu tulipoiona saa kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyenisahihisha. Saidi alihamia ofisi ya Mbeya kupokea fomu zetu, nami nikabaki na mto.

Kazi ilikuwa nini hasa? Vijana wengi hudhani ni kusoma ubao. Bwana Matope alitaka kujua kitu kikubwa kuliko hicho. Mvua ikinyesha juu ya vilima vya Ulambya na Undali, inachukua muda gani kufika mtoni? Kiasi gani kinanywewa na ardhi? Kiasi gani kinapita leo, na kipi kinajificha kisha kinatoka mwezi wa nane wakati hakuna wingu? Alikuwa akichora chini kwa kijiti bonde zima, vijito vyote vikishuka kutoka pande zote, na mwisho wa mchoro akachoma shimo. "Hapa ni wewe," akasema. Maana yake ni kwamba kila tone lililoanguka katika nchi ile yote lingepita mbele yangu. Ilikuwa heshima. Ila hakuna hata mtu mmoja aliyepita pamoja nalo.

Nyumba yangu ilikuwa ya udongo, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kijiji cha karibu. Ng'ambo ilikuwa Nyasaland, na watu wa huko niliwaona wakioga, wadogo sana, wakinipungia mkono nami nikiwapungia. Tarishi alipita mara moja kwa juma kuchukua fomu. Nilikwenda Iyula mara mbili kwa mwaka. Neema aliniambia kwamba siku mbili za kwanza nikiwa nyumbani nilikuwa nikiongea peke yangu, na siku ya tatu, nilipoanza kuongea naye, nilikuwa nikifunga mzigo. Sitaki kuwadanganya. Upweke ule uliniuma. Kuna majira niliyokuwa nasoma ubao mara sita kwa siku, nne za bure, ili tu niwe na mahali pa kwenda.

Ila sikuwa peke yangu mtoni. Juu yangu, huko Ulambya, kulikuwa na kituo kingine, na msomaji wake alikuwa Lazaro Kayange. Sikuwahi kumwona. Nilijua kwamba ni Mlambya, kwamba alifanya kazi migodini ng'ambo ya Tunduma, upande wa Rhodesia, kabla ya kurudi kwao, na kwamba mwandiko wake unalalia kushoto. Tarishi alituletea salamu. "Mwenzako wa juu anakusalimu, anauliza kiboko hajambo." Nami nikajibu, "Mwambie hajambo, ameongezeka mwili." Mazungumzo yetu yalikwenda hivyo, neno moja kwa juma, miaka minne.

Na kulikuwa na vijiti. Mto ukijaa sana mashine haishuki, kwa hiyo unapima mwendo kwa kutupa vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu, unavitazama vikipita kati ya nguzo mbili huku unahesabu dakika. Kayange akishavitupa, vyake vilikuwa vimekwenda. Kwangu nilivikuta kesho yake au keshokutwa, vimenasa kwenye matete. Nilivikusanya vikakaa dirishani. Mtu akipita akiniuliza ni vya nini ningesema ni vya Idara. Vilikuwa vyangu. Maji niliyokuwa nayapima, yeye alikuwa ameyapima kwanza. Nilipochuchumaa asubuhi nilijua kuna mtu mwingine amechuchumaa, na jambo hilo lilinifaa zaidi ya chakula.

Yakaja mafuriko makubwa. Nayakumbuka kwa mlio, maana mto uliacha kunguruma ukawa kama unasaga mawe. Amri ya mafuriko ni kusoma kila saa na kuandika muda wa kila kipimo. Nilifanya hivyo kwa uaminifu. Maji yalipanda, yakapanda, ubao ukabaki kichwa tu, kisha yakatulia kidogo na kuanza kushuka. Nikaandika kilele: saa 10, mchana. Nilikuwa nimelowa hadi mfupa na nilijisikia mtu wa maana. Maji yale yalichukua kivuko cha chini na mashamba ya bondeni. Watu walipona kwa kukimbia tu, hakuna aliyewaambia mapema.

Ndiyo maana ofisi ilitaka kujua muda. Kama kilele kinatoka kwa Kayange saa fulani na kufika kwangu saa fulani, basi mtu anaweza kutumwa mbio kuwaambia wa bondeni wahame. Bwana Matope alikuwa likizo kwao. Saidi alikuwa amerudi Tanga, macho yamemshinda. Akaja Mzungu mwingine, kijana, tuliyemwita Bwana Kalamu kwa ajili ya kalamu nne katika mfuko wa shati. Kiswahili hakukijua bado. Alipiga kambi kituoni kwangu siku mbili.

Siku mbili! Hamwezi kujua ilivyokuwa. Alikuwa na kiti cha pili. Alinimiminia chai mwenyewe. Mkalimani aliyekuja naye alitaka kusaidia, nikamwambia apumzike, mimi Kiingereza ninacho. Nilikuwa nacho cha misheni, cha Biblia na barua za maombi, lakini nilikivaa kama suti.

Bwana Kalamu akatandaza karatasi mbili. Kayange ameandika kilele chake saa 11, mchana. Mimi nimeandika 10, mchana. Akasema, na hapo akatabasamu kidogo, kwamba kwa karatasi hizi maji yamefika kwangu kabla hayajaondoka kwa Kayange. Mmoja amekosea. Mimi kilele changu nilikiona saa ngapi?

Nikafungua daftari langu lenye tope. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba ilikuwa saa kumi. Nilitafsiri kumi yetu neno kwa neno, moja kwa moja kutoka mdomoni mwa mama yangu. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, niliisoma mwenyewe, nilikuwa nimesimama majini.

Vijana, mmeshaona. Kumi yangu ilikuwa ya alasiri, ambayo kwao ni nne. Kayange, aliyezoea king'ora cha mgodini, aliandika kama mshale unavyosema, na kumi na moja yake ilikuwa saa tano yetu ya asubuhi. Kati ya yeye na mimi maji yalitembea saa tano, sawasawa kabisa. Hakuna aliyekosea kusoma. Lakini mimi niliyejua Kiingereza sikujua hilo, na Bwana Kalamu hakujua Kiswahili, na mkalimani alikuwa chini ya mti amepumzika, kama nilivyomwambia.

Laiti ningeishia hapo. Bwana Kalamu alikunywa chai, akauliza huyo wa juu ni mtu wa namna gani. Sikuwa najua. Sikuwahi kumwona. Ningesema sijui, na maongezi yangekwisha, na angefunga karatasi zake. Sikutaka yaishe. Akauliza, labda mtu huyu anakunywa? Nami nikasema: watu wanasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaandika. Akanimiminia kikombe kingine.

Kayange alifukuzwa kazi mwezi uliofuata, kwa kupika namba. Kituo cha juu kikafungwa, kwa kuwa hawakupata mtu wa kuaminika. Tarishi ndiye aliyeniambia, nikasema pole yake, mtu asipokuwa mwangalifu ndivyo inavyokuwa. Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Mvua zilizofuata nilikwenda kwenye matete, sikupata kijiti. Mto ulikuja kwangu kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu, na hapo ndipo nilipoanza kuona kituo kile ni kikubwa mno. Nilikaa hapo miaka mingine sita.

Kisha wakaniita Mbeya kufanya hesabu, kwa kuwa Bwana Matope alikuwa amerudi na alitaka kuunganisha vipimo vyote vya bonde lile. Nilipewa meza iliyokuwa ya Saidi na kabati la fomu za miaka yote. Nilianza na zangu, nani asiyeanza na zake? Karatasi ya kwanza, mwezi wangu wa kwanza kazini: 3 imekatwa kwa wino mwekundu, juu yake imeandikwa 9. Mstari wa pili: 11 imekatwa, imeandikwa 5. Karatasi ya pili hivyohivyo. Za mwaka mzima. Za miaka minne. Saidi alikuwa akinisahihisha kimyakimya, fomu kwa fomu, huenda akinicheka, huenda akijilaumu mwenyewe kwa kutonieleza, bila kuona haja ya kuandika barua kwa jambo dogo namna ile.

Niliipata karatasi ya mafuriko. Ilikuwa safi. Saidi alikuwa ameshaondoka. Kumi yangu ilikaa pale, haijaguswa, na pembeni Bwana Kalamu ameandika kwamba msomaji wa chini amethibitisha.

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Wenzangu walikuwa wamekwenda kula, nami nikabaki nimeshika ile karatasi kama mtu aliyeletewa barua ya msiba akisubiri mtu wa kumwambia. Niliporudi nyumbani mwisho wa juma nilimweleza Neema, yote, hata lile neno la chai. Alikuwa akichambua kahawa, hakuinua macho.

"Baba Ana," akasema, "huyo Kayange umemtafuta?"

"Nimeona juzi tu, mama."

"Sijakuuliza umeona lini."

Jumatatu niliingia kwa Bwana Matope na karatasi zote mbili. Alielewa kabla sijamaliza. Alipiga paji la uso kwa kiganja, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akachukua kalamu, akakata 10, akaandika 4, akahesabu kwa vidole. "Saa tano," akasema. "Nzuri sana. Hii namba nilikuwa naitafuta."

"Na Kayange, bwana?"

"Namba nimesahihisha."

"Na mtu?"

Akatazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Akasema mtu hayumo katika faili lake, faili la watu liko kwingine, lilifungwa zamani, na kituo hakipo tena. Akanipa siku nne za ruhusa bila mimi kuomba.

Nilikwenda kwa baiskeli, nikaisukuma vilima vyote vya Itumba, na nilipoanza kuteremka Ulambya nikawa naomba Mungu mtu huyo awe amehama. Hakuwa amehama. Nilimkuta shambani anavuna mahindi, mzee kuliko nilivyomwaza, mfupi, mwenye mikono mirefu. Nikamwamkia, nikajitaja jina. Halikumwambia kitu. Nikasema, "Mimi ni mwenzako wa chini."

Akaweka kikapu.

"Wa kiboko?"

"Wa kiboko."

Akasema karibu, akaniongoza hadi kivulini mwa ghala, akaniletea maji mwenyewe. Nikamweleza habari ya saa. Nilianza mbali, nikaeleza mpaka wino wa Saidi. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za kijijini kwake na mgeni.

"Hilo nalijua," akasema nilipomaliza. "Nililijua siku ileile walipotoka kwako wakaja kwangu na karatasi. Nilimwambia yule bwana kijana: huyu wa chini anasoma saa ya Waswahili. Mkalimani akamfasiria vizuri kabisa. Bwana akasema hapana, wa chini nimeongea naye kwa Kiingereza, amesema kumi."



"Kazi ni kazi," Kayange akasema. "Nimepata mahindi, watoto wamekula. Hilo la saa mimi ningecheka nawe leo. Kuna neno jingine kwenye barua. Barua ilisomwa barazani kwa chifu, watu wamejaa, kwa kuwa chifu ndiye aliyenipeleka kazini. Ikasema, mlevi. Mimi sijawahi kuonja pombe, ndugu yangu. Hata migodini walinicheka. Mzee wa kanisa alikuwa pale barazani. Jumapili iliyofuata nikatengwa."

Nyinyi wa mjini huenda mnalichukua jambo hilo kwa wepesi. Kwa watu wetu, kutengwa ni kukaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, meza ya Bwana ikipita mbele yako bila kukufikia. Anayeungama hurudishwa baada ya miezi michache. Kayange alikataa kuungama, kwa kuwa hakuwa na la kuungama. Alikaa benchi lile miaka saba, kila Jumapili, na binti yake mkubwa aliolewa hapo mbele, baba yake akitazama kutoka mlangoni.

"Neno hilo," akaniuliza, "alilitoa wapi yule bwana? Maana hapa hakuuliza mtu."

Ningeweza kusema sijui. Mnaona jinsi njia ileile inavyomjia mtu mara ya pili. Nikamwambia. Aliinama akaokota punje za mahindi zilizodondoka, moja moja, akazitia kikapuni mpaka zikaisha.

"Namba umesahihisha ofisini," akasema. "Neno kalisahihishe lilikosemwa. Kesho kutwa ni Jumapili."

Hakunikaribisha kulala. Nililala kwa mwalimu wa shule.

Jumapili kanisa lilijaa. Nilikuwa nimewaomba wazee wa kanisa nafasi, wakanipa baada ya matangazo. Niliona benchi la nyuma, na yeye juu yake, ameshika kofia. Nikaeleza kwa Kiswahili, mwalimu akanifasiria kwa Kilambya, sentensi kwa sentensi. Habari ya saa iliwafurahisha. Walicheka, na mwanamke mmoja akarudia kwa sauti, maji yamefika kabla hayajaondoka, wakacheka tena. Nikangoja watulie. Nikasema, neno la ulevi nalo lilitoka kwangu. Niliulizwa, nikajibu kwamba watu wanasema.

Mzee wa kanisa aliyeketi mbele, yule aliyekuwa barazani miaka ile, akasimama. Alikuwa ameshachukia, na sikujua bado kama amenichukia mimi au amejichukia mwenyewe.

"Watu gani?" akauliza. "Tuwaite. Wako hapa?"

"Hawapo, baba."

"Wa kijiji gani?"

"Hapakuwa na watu," nikasema. "Nilikuwa peke yangu. Yule bwana alikuwa amekuja, nikataka aendelee kuongea nami."

Mwalimu alisita. Sijui Kilambya chake kilikosa nini, lakini alinitazama, na ilibidi niseme tena, polepole, hapakuwa na watu. Akafasiri. Nikasikia benchi la nyuma likilia. Kayange alikuwa amesimama. Mzee wa kanisa akamwendea mpaka mlangoni, akamshika mkono, wakapita katikati pamoja, akamketisha mbele. Walipopita karibu yangu nilisogea kuwapisha. Kayange hakunitazama.

Ibada ilipokwisha nilisimama kwenye baiskeli yangu chini ya ukuta, nikidhani atakuja. Nilikuwa nimepanga la kumwambia, nilitaka kumweleza habari za vijiti vyake. Watu walimzunguka uwanjani, wanawake wakipiga vigelegele, wazee wakimshika mikono miwili, na binti yake amemletea mjukuu. Nilingoja hadi kivuli cha ukuta kikaniacha. Kisha nikajaza upepo gurudumu la nyuma, nikaanza kusukuma kupanda kilima. Sikumlaumu. Alikuwa na watu wengi wa kusalimiana nao.